Klose na hao wanaoitwa vibonde
Kuna mwandishi kaandika eti mabao 16 ya mshambuliaji wa Ujerumani, Miroslav Klose, kwenye Kombe la Dunia ameyavuna kwa timu vibonde, ukitoa yale matatu ya Saudi Arabia mwaka 2002 hadithi imeisha. Hapana. Siku ile Ujerumani ilishinda 8-0, sibishi, na mabao yake yote 5 ya mashindano yale yalikuwa ya kichwa. Ila mwandishi huyo aendelee kuhesabu. Robo fainali 2006, Argentina inaongoza 1-0, dakika ya 80 nani alisawazisha? Klose huyo huyo, kwa kichwa tena, na Ujerumani ikapita kwa penalti. 2010 akaifunga Uingereza, kisha Argentina mara mbili. 2014 aliingia akitokea benchi Ujerumani ikiwa nyuma 2-1 mbele ya Ghana, hata jasho halijamtoka akarudisha (na ile samasoti yake akiwa na miaka 36, nusura adondoke!). Bao la 16 akamfunga Brazil kwake Belo Horizonte, nusu fainali ya 7-1. Hao ndio vibonde? Nakubali tu kwamba kwa wastani Gerd Müller, mshambuliaji wa Ujerumani wa zamani, alikuwa hatari zaidi: mabao 68 katika mechi 62 za timu ya taifa, wakati Klose alimaliza na 71 katika mechi 137. Lakini Müller alicheza Kombe la Dunia mara 2, huyu mara 4. Wadau, mko nyuma bao moja na zimebaki dakika 10, mnamwingiza nani kati ya hao wawili?