Kabla ya Kumtuma Dalali, Jua Kwanza Pesa Ziko Wapi

Ukishinda kesi ya deni pale mahakama ya Nakuru, hongera, lakini bado hujalipwa. Mahakama inakupa hukumu, na kuanzia hapo ni juu yako kuchagua utamdai mtu wako kwa njia gani. Mimi huwawekea hesabu wafanyabiashara wa hapa mjini, wengi wao wakiuza vifaa vya ujenzi na chakula cha mifugo, na ninachokiona ni kwamba njia hiyo huchaguliwa kwa hasira. Mtu mwenye hasira hukimbilia dalali, yule anayetumwa kwa hukumu ya mahakama ashike mali ya mdaiwa na kuipiga mnada.

Hasira yenyewe naielewa. Jamaa kachukua mabati na saruji yako kwa mkopo, kazima simu, kisha unamwona Kenyatta Avenue na gari jipya. Unataka lori lisimame mlangoni kwake majirani wakiona. Lakini dalali habebi vitu siku anayofika. Kwanza anaviandika, kisha sheria inampa mdaiwa siku 7 alipe. Siku 7 ni nyingi kwa mtu mwenye la kuficha.

Niliwahi kusoma orodha moja ya dalali iliyotoka duka la mdaiwa: friza kuukuu, mizani, kaunta ya mbao, viti vya plastiki na magunia machache ya chakula cha kuku. Deni lilikuwa laki sita na ushee. Vyote vile vingeuzwa vizuri kabisa, laki moja isingefika. Halafu akatokea shemeji mtu na risiti ya friza, akaenda mahakamani kupinga, shughuli ikasimama. Haki hiyo anayo: yeyote anayedai mali iliyoshikwa ni yake lazima asikilizwe. Na jambo ambalo wengi hawaambiwi mapema ni hili: kwa Kanuni za Madalali za 1997, gharama ya dalali hulipwa na mdaiwa, lakini asipopatikana, au akiwa hana mali ya kushikwa, au mnada ukileta pesa kidogo, mzigo unamrudia aliyeshinda kesi. Yaani unadai, na unalipa tena.

Kwa hiyo mimi huwaambia wateja wangu waanze na hatua ambayo karibu hakuna anayeiulizia. Kanuni za Mwenendo wa Madai, katika sehemu yake iitwayo Amri ya 22, zinakuruhusu kuomba mdaiwa aitwe mahakamani ahojiwe kuhusu mali yake: ana nini, na ni nani ana pesa zake ambazo hajamlipa. Ikiwa ni kampuni, anaitwa ofisa wake. Mahakama inaweza kumwagiza aje na vitabu vyake vya hesabu. Mtu aliyekuwa akikuambia kwa simu kwamba hana kitu anajibu mbele ya hakimu, na akidanganya pale, amejiletea shida nyingine. Hatua hii haina kelele, na ndiyo inayokuonyesha njia ya kufuata.

Mara nyingi majibu yake yanaelekea kwenye pesa ambazo hazimo mikononi mwake. Mkandarasi aliyekula mabati yako huenda duka lake ni tupu, lakini kuna shule ya kibinafsi huko Njoro ambayo haijammalizia malipo. Amri ya 23 ya kanuni hizo hizo inakuwezesha kuiomba mahakama izuie pesa hizo huko ziliko, shule ije ieleze kama kweli inadaiwa, na ikikubali, ikulipe wewe. Benki nayo ni hivyo hivyo, kwa sababu kisheria akiba ya mteja ni deni la benki kwake. Ile hundi aliyokupa ikarudi, usiitupe. Imeandikwa jina la benki na nambari ya akaunti.

Mdaiwa akiwa ameajiriwa, mshahara unaweza kukatwa hadi theluthi moja, na mwajiri ndiye anayekata. Inachukua muda, ila inafika. Shamba ni safari ndefu zaidi: notisi yake kabla ya mnada ni siku 45, na ukitafuta kwenye sajili ya ardhi unaweza kukuta benki ilishatangulia. Gari au stoki pia inaweza kuwa dhamana ya mkopo, na tangu sheria ya 2017 kuna sajili ya dhamana za mali inayohamishika. Iangalie kabla hujalipia chochote.

Kuhusu kumfunga mdaiwa, nina shaka. Sheria inaruhusu hadi miezi 6, lakini Mahakama Kuu ya Nairobi ilieleza mwaka 2012 kwamba utaratibu lazima ufuatwe kikamilifu, na kwamba jela si ya mtu ambaye hana tu cha kulipa. Tena chakula chake gerezani unakilipia wewe. Kwa mwenye uwezo anayeficha, sawa, hata tishio lake linatosha. Kwa mama ambaye biashara imemwangukia, ningekaa naye, tuandikishe mahakamani awe analipa kidogo kidogo kila mwezi.

Na kama unaidai serikali ya kaunti, dalali msahau kabisa. Mali ya kaunti haishikwi. Unachukua mahakamani cheti cha amri, yaani hati inayoonyesha unachotakiwa kulipwa, unakipeleka kwa kaunti, wakikaa kimya unarudi Mahakama Kuu kuomba ofisa anayesimamia fedha aamrishwe kulipa.

Hukumu haiozi upesi, ina miaka 12, ingawa ukipitisha mwaka mmoja bila kuitekeleza, lazima mdaiwa apewe notisi kwanza aje ajieleze. Kwa hiyo wiki chache za kuuliza maswali hazikupotezei haki.

Kinachoniuma ni kwamba Mahakama ya Madai Madogo imefungulia mlango watu wengi: deni lisilozidi milioni moja, bila lazima ya wakili, na kesi inatakiwa iishe ndani ya siku 60. Mwenye kibanda anafika hadi hukumu kwa miguu yake mwenyewe, kisha anaachwa hapo, na anayempokea nje ya lango ni dalali. Ningetaka kila anayekabidhiwa hukumu apewe, pamoja nayo, fomu ya kuomba mdaiwa ahojiwe, kwa Kiswahili, na karani amwonyeshe pa kutia sahihi.