Kibao cha SIMAMA mkononi mwa mwanafunzi

Nje ya baadhi ya shule za msingi Dar es Salaam, anayesimamisha magari ili watoto wavuke si trafiki wala mwalimu, ni mwanafunzi mwenzao. Kavaa kizibao kinachong'aa, kashika kibao cha SIMAMA. Wapo wanaoona huu ni ubunifu wa kupongezwa. Wengine wanauliza: lori la mchanga likikosa breki, nani atajibu?

Wanaoutetea utaratibu huu hawakosi hoja. Trafiki hawatoshi, na saa hizo wanahitajika kwenye makutano. Mzazi naye kashadandia daladala ya alfajiri kwenda kutafuta riziki. Mwanafunzi yupo palepale, halipwi, na wenzake humsikia kuliko wanavyomsikia mtu mzima anayefoka. Tena si jambo la Bongo tu: New Zealand wanafunzi wanasimamisha magari kwa utaratibu unaotambuliwa na sheria.

Ila tazama wanavyofanya kule. Mtoto haingii barabarani. Anabaki ukingoni, na kibao kiko kwenye mlingoti anaouzungusha mpaka kikatokeza mbele ya magari. Polisi ndio wanaowafundisha, na dereva asiyesimama anavunja sheria. Marekani, ambako vikosi vya wanafunzi vipo tangu miaka ya 1920, mstari umechorwa mapema zaidi: mwanafunzi anaongoza watoto wenzake, haongozi magari.

Mstari huo una sababu. Gari la mwendo wa kilomita 50 kwa saa linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akikawia sekunde moja na nusu kabla ya kukanyaga breki, mita 21 zimeshakwisha, na gari bado halijaanza hata kupunguza mwendo. Mtoto wa miaka 11 au 12 hapimi kasi ya gari kama mtu mzima, na kimo chake kinamezwa na Noah iliyoegeshwa vibaya.

Mafunzo ya kweli kwa hiyo hayaanzi na kunyanyua kibao. Yanaanza na kusubiri: kuliacha lori zito lipite, kutafuta mwanya, kuwakusanya watoto wavuke kwa kundi badala ya mmojammoja. Mvushaji anaingia wa kwanza na kutoka wa mwisho. Kwenye barabara ya njia mbili kila upande, hatari si gari lililosimama, ni lile linalokuja pembeni yake ambalo watoto hawalioni. Bodaboda ndiyo mtihani wenyewe, maana itapenya katikati ya magari yaliyosimama na dereva wake atakushangaa wewe. Haya hayamalizwi kwa semina ya nusu siku yenye soda na picha ya pamoja.

Basi tuweke watu wazima? Uingereza iliwapa wavushaji nguvu ya kisheria mwaka 1953, na leo dereva anayepuuza kibao chao anaweza kutozwa hadi pauni 1,000. Hata hivyo halmashauri za kule hazilazimiki kuwa nao, na bajeti ikibana, nafasi zao ni miongoni mwa zinazofutwa. Isitoshe, mvushaji ana saa zake, ilhali mtoto anavuka pia jioni akienda madrasa au dukani.

Tuta halina saa. Shirika la Amend, kwa mradi wake wa kuboresha barabara zinazozunguka shule, liliweka matuta, vivuko na njia za miguu Dar es Salaam. Utafiti ulionyesha majeruhi wakipungua kwa takriban asilimia 26, na mwaka 2019 mradi ukashinda Tuzo ya WRI Ross ya Miji, inayotolewa na taasisi ya utafiti ya World Resources Institute. Kwa barabara za mitaani mimi ningeanzia hapo, kabla ya kununua kizibao hata kimoja. Kwenye barabara kuu kama ya Morogoro, pasipo na daraja la juu wala taa, mtu bado anahitajika.

Mtu huyo awe mtu mzima, mwanafunzi abaki ukingoni akizuia wenzake. Wa kuajiriwa hawako mbali: mstaafu wa mtaani, mama anayeuza vitumbua getini, hata kijana wa kijiwe cha bodaboda ambaye wenziwe watamheshimu kuliko trafiki. Afundishwe na polisi, apewe kitambulisho, na posho yake itoke halmashauri, si kwenye michango ya wazazi ambayo huisha kabla ya muhula.