Kijana, Unamkanyaga Sato

Nani aliyewafundisha watu wa Mwanza kumsalimia mvuvi kwa "Umepata?" Hakuna shikamoo, hakuna za asubuhi, hakuna pole na baridi. Mtu anaegesha bodaboda kule juu barabarani, anateremka kwenye mawe huku kashika magoti, anafika, anachungulia ndoo, anaona maji na kopo la minyoo, ndipo anauliza: "Vipi mzee, umepata?" Na ameshaona! Anachotaka ni nitamke kwa kinywa changu, kama mshitakiwa.

Haya. Sijapata. Andika na tarehe.

Maji yamepanda, na hilo sitalieleza, kila mwenye nyumba kando ya ziwa ameshainua kitanda kwa matofali. Masika imekwisha, kipupwe kimeingia, lakini maji ya hili Ziwa Victoria hayaondoki upesi. Asilimia 80 hivi ya maji yanayoingia ni mvua inayolinyeshea juu kwa juu, mto wa kutokea ni mmoja tu, kule Jinja, Uganda, na yanayobaki yanalambwa na jua. Kwa hiyo mvua ya Aprili unailipia Juni. Mwaka 2020 lilipanda hadi likaipita kidogo alama ya 1964, ile ambayo wazee walikuwa wanaitumia kutishia watoto. Sasa pale chini ya mti walipokuwa wanacheza drafti, wanaocheza drafti ni kambare.

Tena tope! Mto Mirongo unashuka na kila ulichokosana nacho mjini: chupa, udongo wa viwanja vinavyochongwa milimani, ndala ya mguu mmoja. Daima mguu mmoja, na daima wa kushoto. Mguu wa kulia unakwenda wapi, hakuna aliyewahi kuniambia.

Mtu mwenye heshima zake, akikuta maji ya namna hii, harushi tu ndoano kama anayetupa ganda la muwa. Anapima. Unachukua kifuniko cheupe cha ndoo, unakifunga kamba na jiwe, unakizamisha polepole, na pale kinapopotea machoni unapiga fundo kwenye kamba. Kikipotea kabla ya sentimita 30, umeingia kwenye chai ya maziwa. Samaki hakioni chambo chako. Ila na wewe hakuoni, na mshipi wako hauoni, kwa hiyo acha ule uzi mwembamba wa kujidai, funga nailoni nene ya milimita 0.40 au 0.50, maana utavulia majanini na majani yanakata.

Kwa sababu huko ndiko samaki walikohamia. Maji yakipanda juu ya majani makavu yanakuta mchwa, panzi, minyoo, mezani kumeandaliwa. Furu wadogo wanakimbilia humo kujificha, sangara mdogo anawafuata, kambare anapapasa kwa ndevu zake kama mtu anayetafuta kiberiti umeme umekatika. Maji yanapopanda, vulia ndani ya majani, futi 2, futi 3, basi. Yakianza kushuka wanatoka, nawe usogee ukae kwenye ukingo wa majani au kwenye vijito wanavyotokea. Chomeka mti wenye alama ya kisu kabla hujakaa, baada ya saa moja utajua ziwa linakwenda wapi. Si uchawi, ni mti.

Nilikuwa nimekaa hivyo leo asubuhi, mti wangu umechomekwa, boya langu limetulia, ndipo akaja.

Kavaa kizibao chenye mifuko 14. Nilihesabu, nilikuwa na nafasi. Fimbo mpya ya vipande viwili, mashine ya kuvutia uzi inang'aa, sanduku lenye vyumba vyumba kama la fundi simu. Akasema shikamoo. Moyo ukalainika. Marahaba mwanangu, nikasogeza ndoo akae.

"Mzee," akasema, "leo navua kwa mtindo wa basi. Basi la wakati wa baridi, maji yakiwa juu na machafu."

"Basi la wapi, la Shinyanga?"

"Sio la abiria, mzee. Basi ni samaki. Wa Marekani."

"Yuko hapa?"

"Yuko Naivasha, Kenya. Walimleta kutoka Marekani mwaka 1929."

"Nimekuuliza, hapa yuko?"

"Hapa hayuko."

"Basi."

"Ndiyo, huyohuyo, mzee."

Nikanyamaza. Akatoa simu akaniwekea video: Mmarekani kavaa koti kubwa kama godoro, yuko kwenye boti, maji yake yana rangi ya maji yetu. Kijana akawa ananitafsiria, na hapa niseme ukweli hata kama unaniuma: yule Mmarekani alikuwa anasema kweli tupu. Maji machafu yakipanda wakati wa baridi, anasema, usiende kilindini, njoo pembeni, kwenye vigogo na vichaka vilivyozama, samaki amejibana humo. Jua likipiga tope, maji ya juujuu yanapata joto upesi, naye anapanda kulitafuta. Tumia rangi nzito, nyeusi yenye bluu, ili kivuli chake kionekane. Au weka chambo chenye kibati cha mviringo kinachozunguka na kupiga maji dubu, dubu, dubu, maana gizani samaki anasikiliza kwa ubavu wake. Vuta taratibu. Uzi mnene. Nikamwambia kijana, huyu mtu mpe salamu zangu, isipokuwa jambo moja tu: kwao hayo maji yana nyuzi joto 8 au 10, samaki kapoa mwili mzima, chakula kinakaa tumboni siku kadhaa, ndiyo maana wanavuta taratibu hivyo. Ziwa letu Julai lina nyuzi 24 hivi. Sato wetu haoni baridi. Anayeona baridi ni wewe. Hapa unavuta taratibu ili akikute kwenye tope, si kwa sababu amelala.

"Nimeelewa kabisa, mzee."

Alipokwisha kuelewa kabisa, akapandisha suruali, akaingia majini. Moja kwa moja ndani ya majani. Maji ya magotini, palepale nilipokuwa nimepanyamazia tangu saa 12, chwa, chwa, chwa, akasimama katikati ya chakula cha asubuhi cha samaki, akarusha mita 40 kuelekea kilindini.

"Mwanangu! Unawakanyaga!"

"Nani?"

"Sato!"

Akainua mguu mmoja kama kuku aliyekanyaga majivu ya moto. Chini yake maji yakajikunja, mkunjo wa ukubwa wa sinia, halafu mstari ukaondoka kwa kasi kuelekea kusikojulikana.

"Alikuwa mkubwa, mzee?"

"Nitajuaje? Umeshamfikisha Ukerewe."

Nikamwambia atoke humo, majani yale ya pembeni ndiyo nyumbani kwa konokono wa kichocho, angalau avae gambuti. Akasema anarusha mara moja tu. Mnaijua mara moja ya mvuvi.

Sasa tazama alichofunga. Ndani ya sanduku lile kulikuwa na kibati cha mviringo, nilikiona kwa macho yangu. Yeye kavaa uzi samaki wa plastiki wa rangi ya fedha, mwenye ndoano mbili tumboni, kila moja ya mikono mitatu. Rangi ya fedha inavuliwa maji meupe, inameremeta, samaki anaiona kwa mbali. Kwenye tope ni kumkonyeza kipofu. Halafu mikono mitatu mara mbili ni kucha 6, na mbele yake magugu maji yamelala kama mkeka wa msikitini. Kwenye majani mtu anafunga ndoano moja, anaificha ncha ndani ya mnyoo, ipite bila kushika.

Ikashika.

"Nimepata! Mzee, nimepata!" Fimbo imepinda kama upinde, mashine inalia, kijana anarudi nyuma hatua kwa hatua na kuwakanyaga sato waliokuwa wamesalimika safari ya kwanza. Watu wakajaa kwenye mawe. Dereva mmoja wa bodaboda akaacha kuosha pikipiki yake, ambayo, kwa taarifa, alikuwa anaioshea hapohapo kwa sabuni ya unga. Mama mmoja mwenye beseni akaanza kutaja bei kabla hajaona kitu. Nikamwambia mama subiri, sato chini ya sentimita 25 anarudi majini na sangara chini ya 50 vilevile, akasema mimi nina wivu.

Kikaja. Kilikuja kwa heshima, polepole, kama meli inayotia nanga: robo eka ya magugu maji, maua yake ya zambarau juu, chura wawili wamekaa, na katikati, imetulia, ndala. Ya kushoto.

Yule wa kwanza, wa "umepata", alikuwa ameshika kichwa. Kijana akavuta mara ya mwisho kwa hasira na fundo likafunguka. Fundo! Alizungusha mara mbili tu. Nailoni inateleza, unapitisha kwenye kitundu cha ndoano, unazungusha mara 6 juu ya uzi wenyewe, unarudisha ncha kwenye tundu lililobaki karibu na kitundu, unalowesha kwa mate, kisha unavuta polepole, maana ukilivuta kavu linajiunguza lenyewe na linakatika siku usiyoitaka. Mate ni bure. Hayauzwi kwenye sanduku lenye vyumba vyumba. Upepo wa kusi ukashika magugu, wakaondoka pamoja na samaki wa plastiki kuelekea kaskazini, kama wachumba.

Akakaa pembeni yangu kwenye jiwe. Suruali inachuruzika. Nikamwonea huruma, kweli, nikampa mshipi wa mkononi, ndoano namba 8 (namba ikipanda ndoano inapungua, watu wazima wengine hawalijui hili na wana duka), chubwi dogo la ukubwa wa punje ya mahindi, kwa sababu zito linajizika kwenye tope pamoja na chambo na wewe unabaki kuvua udongo. Boya nikamkatia kwenye ileile ndala, ambayo ilimeguka kutoka kwenye magugu na kuja miguuni petu yenyewe. Kipande cha ukubwa wa kizibo, toboa kwa spoku ya baiskeli ya moto, pitisha uzi, kaza na kijiti. Mnyoo uning'inie shubiri moja juu ya chini, usilale. Badilisha kila dakika 20, hata kama hajaguswa, maana harufu imeshaoshwa na anayekuja hapo anakuja kwa pua.

Saa nzima hatukusema kitu. Saa nzuri kuliko zote leo.

Halafu wa bodaboda akarudi kusuuza. Povu likaja mpaka kwenye maboya. Nikasimama. Nikamwambia ndugu yangu, ziwa hili lina kilomita za mraba zaidi ya 68,000, limegawanywa nchi tatu, wewe umekosa pa kusuuzia taa ya nyuma isipokuwa hapa? Akasema mzee usipandishe presha, samaki nao wanapenda usafi. Sikuwa na jibu. Mtu unavumilia maji, unavumilia tope, unavumilia baridi ya asubuhi inayokaa kwenye vifundo vya vidole, unavumilia kuulizwa, halafu unashindwa na sabuni ya mia mbili.

Na minyoo, msinikumbushe minyoo. Kuna kijana wa mtaa wa juu anaiuza kwa kopo, minyoo 20 anavyosema yeye. Sasa mvua zimekatika, udongo umekauka juu, minyoo imekimbilia chini, na bei imeifuata kwenda upande wa pili. Nikamwaga kopo kwenye kiganja, nikahesabu mbele ya mashahidi: mizima 13, nusu 7. Nikamwita.

"Baba, hii nusu inahesabiwa ni mnyoo?"

"Inahesabiwa, mzee."

"Kwa sheria gani?"

"Si wewe juzi uliniambia, maji yakiwa na tope mnyoo mkate katikati, harufu itoke, kambare aje haraka?"

"Nilisema mimi nimkate. Mimi."

"Sasa nimeshakukatia, mzee. Hapo unaniongeza mia ya kazi."

Nilimtazama yule kijana wa kizibao anitetee. Alikuwa ameshatoa mia kutoka kwenye mfuko wa tisa.