Suji, Tui la Kopo na Kuku wa Jumamosi Jioni

Ndugu zangu wa Dar es Salaam wanaamini kwamba Ujerumani kila kitu ni ghali, nami huwajibu kwamba kodi ya nyumba ni ghali kweli, lakini chakula hakimtishi anayejua pa kukinunua. Mimi naishi Essen, mji ilikozaliwa Aldi, duka la bei nafuu lililotokana na kiduka cha Mama Anna Albrecht kilichofunguliwa mwaka 1913. Wanawe, Karl na Theo, waligawana maduka mwaka 1961, inasemekana baada ya kutoelewana kuhusu kuuza sigara, na mpaka wa mgawanyo huo Wajerumani huuita kwa utani ikweta ya Aldi.

Urahisi wa bei hauna miujiza: bidhaa hubaki ndani ya maboksi yaliyozileta, aina zake ni chache, na nyingi hubeba nembo za duka lenyewe.

Ninachokipenda kuliko vyote ni suji, yaani ngano iliyosagwa chengachenga. Ukiisonga peke yake ugali huvutika kama gundi, lakini ukiichanganya nusu kwa nusu na unga wa mahindi ya njano, ule ambao Waitaliano huupikia polenta, unapata ugali unaokatika vizuri kwa vidole, ingawa rangi yake ni ile iliyowafanya wazee wetu wauite unga wa namna hiyo Yanga. Kisha kuna tui la kopo, ambalo halifikii nazi iliyokunwa kwa mbuzi, ila likikutana na spinachi iliyogandishwa na kitunguu kilichokaangwa vyema, mgeni hula akidhani ni mchicha. Jumamosi jioni, kwa kuwa Jumapili maduka hufungwa, natafuta kuku aliyebandikwa karatasi ya punguzo la asilimia 30. Nikimwona namkumbuka samaki wa jioni pale Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, ambaye bei yake hushuka pamoja na jua. Tofauti ni kwamba kule unamfunua mashavu uone kama bado ni mekundu, hapa unasoma tarehe na kuiamini.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaosema kwamba huku maskini ametunzwa na nyumbani ameachwa. Bei nafuu ya hapa ni ya mwenye fedha ya pakiti nzima na friji ya kuihifadhia. Duka la Mangi mtaani kwetu lilitupimia sukari robo, mafuta ya kula ya kutosha mboga moja na vitunguu viwili, na ni kweli kwamba ukijumlisha vipimo vyote hivyo hadi kilo, tulilipa zaidi ya aliyenunua gunia. Lakini mwisho wa mwezi Mangi alitoa daftari, akaandika jina la mama, na usiku huo tukala.

Mwaka niliokaa miezi miwili bila kazi, nilisimama mbele ya suji ile ile, bei yake ile ile ndogo, nikahesabu sarafu mara tatu, nikairudisha pakiti mahali pake. Mhudumu alinisalimu kwa adabu, kama anavyomsalimu kila mtu. Hakuwa na daftari, wala hakulijua jina langu.