Oili ya giaboksi katika gari lililotembea sana: ibadilishwe au iachwe?

Gari langu ni Toyota IST ya toleo la kwanza, lile lililoanza kuuzwa Japani mwaka 2002, na siku nilipolinunua kwa mtu hapa Dar es Salaam dashibodi ilionyesha kilomita 168,000. Fundi niliyekwenda naye kulikagua aliridhika na injini, akaridhika na miguu, kisha akanipa onyo moja ambalo lilinikaa kichwani kwa miezi: oili ya injini nibadilishe kwa wakati, lakini ya giaboksi nisiiguse kabisa, kwa sababu gari la otomatiki lililotembea kiasi hicho likibadilishwa oili hufa giaboksi. Sikumpuuza. Mtu anayeshika spana kila siku huona mambo ambayo mwenye gari hayaoni, na mimi mwenyewe nilikuwa na ushahidi wa nyumbani uliomuunga mkono.

Baba yangu mdogo alikuwa na Corolla ambayo ilianza kusumbua kwenye milima: injini ilipiga resi, sauti ikapanda, lakini gari likawa halisogei kwa kasi inayolingana na sauti hiyo. Alivumilia hali hiyo kwa muda mrefu, hadi mtu alipomshauri abadilishe oili ya giaboksi. Akabadilisha. Wiki mbili baadaye gari lilikataa kwenda mbele kabisa, likawa linarudi nyuma tu, na tangu siku hiyo ukoo mzima unaamini kwamba oili mpya ndiyo iliyoliua.

Nimelifikiria tukio hilo mara nyingi, na leo naamini kwamba hukumu yetu haikuwa ya haki. Gari lile lilikuwa limeanza kuteleza miezi kadhaa kabla ya oili kuguswa. Ndani ya giaboksi ya otomatiki kuna sahani za klachi zilizobandikwa tabaka jembamba la msuguano, na tabaka hilo likishaliwa hakuna oili duniani inayoweza kulirudisha. Mgonjwa akifikishwa hospitali akiwa taabani, akachomwa sindano na kufariki, ni lazima tuulize alifika katika hali gani kabla ya kuilaumu sindano. Wenye magari wengi hapa hawakumbuki oili ya giaboksi mpaka gia zianze kuteleza au gari lishtuke kila linapoingizwa kwenye D, yaani gia ya kwenda mbele, na hivyo karibu kila giaboksi inayobadilishwa oili gereji inakuwa tayari imeumia. Fundi aliyeona giaboksi kumi zikifa baada ya oili mpya hasemi uongo, ila ameona tu zile kumi zilizoletwa zikiwa zimechelewa.

Hata hivyo hofu hiyo haikuzuka hewani, na sipendi kuandika kana kwamba mafundi hawajui kazi yao. Oili ya zamani huwa imebeba vumbi la klachi na chembe laini za chuma, na pale ambapo tope limeganda kwa miaka, kusukuma oili mpya kwa mashine yenye presha kunaweza kulibandua na kulipeleka kwenye njia nyembamba za valvu na solenoidi, yaani vidude vya umeme vinavyofungua na kufunga njia za oili, ambako kizuizi kidogo tu hutosha kuharibu mpangilio wa gia. Kwa gari lililotembea sana bila kubadilishwa oili, mashine hiyo mimi siitaki. Tena kuna kosa ambalo naona linaua giaboksi nyingi kuliko umri wenyewe, nalo ni kumimina oili isiyo yake. Rangi nyekundu haithibitishi chochote. Giaboksi ya gia nne ya IST yangu inataka oili ya Toyota iitwayo T-IV, au nyingine iliyotengenezwa kukidhi kiwango hicho; magari ya Toyota yaliyofuata yalihamia oili ya WS, ambayo ni nyepesi zaidi, na Toyota yenyewe haizihesabu kuwa kitu kimoja. Giaboksi za CVT, zile zinazotumia mkanda wa chuma badala ya gia za kawaida, zina oili zake kabisa, na Nissan, Honda na Toyota kila moja ina aina yake. Nimeshuhudia kopo moja la oili nyekundu likigawanywa kati ya usukani wa gari moja na giaboksi ya jingine, bila mtu kusoma kilichoandikwa ubavuni. Baada ya hapo gari likiharibika, lawama huangukia umri wa gari.

Kwa upande wa pili, kuiacha oili milele si usalama. Oili hiyo inapitisha nguvu ya injini ndani ya torki konveta, yaani kile chombo kinachounganisha injini na giaboksi, inabana klachi kwa presha yake, inalainisha gia na kuondoa joto, na joto ndilo linaloichosha. Oili huchakaa haraka kadiri joto linavyopanda. Wahandisi hukadiria kwamba kila linapoongezeka kwa nyuzi 10 hivi, kasi ya kuchakaa huongezeka karibu maradufu. Mtu anayetoka Mbagala au Kimara asubuhi, akasimama na kusogea, akasimama na kusogea kwa saa nzima katika joto la Februari, giaboksi yake inafanya kazi ngumu ambayo kilomita za dashibodi hazioneshi. Wapo watengenezaji walioandika kwamba oili ya giaboksi ni ya maisha yote ya gari, lakini kampuni ya Ujerumani ya ZF, ambayo giaboksi zake zimo katika magari mengi ya BMW, imependekeza oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au baada ya miaka 8. Mimi namsikiliza anayetengeneza giaboksi yenyewe.

Kwa hiyo nikajiuliza giaboksi hii iko katika hali gani leo, maana idadi ya kilomita peke yake haikunipa jibu. IST ina kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, jambo ambalo ni neema, kwa kuwa magari mengi ya karibuni hayana na hupimwa kwa kufungua nati ya chini wakati oili ina joto maalumu. Niliendesha gari hadi likapata moto, nikaliegesha mahali tambarare, nikapitisha lever kwenye kila hatua kisha nikairudisha P, ile ya kuegesha, na injini ikiwa inanguruma nikachomoa kijiti na kukifuta kwenye karatasi nyeupe. Oili ilikuwa ya kahawia yenye wekundu kwa mbali. Haikuwa nyeusi, wala haikuwa na harufu ya kuungua. Nikalipeleka kwenye mlima wa barabara ya Goba, nikakanyaga mafuta taratibu, kisha kwa nguvu. Gia ziliingia bila kuteleza wala kushtuka. Kwenye fremu ya mlango wa dereva kulikuwa na stika ya Kijapani ya huduma, na mtu anayesoma lugha hiyo alinitafsiria kwamba ilitaja oili ya injini tu. Niliona kwamba nina giaboksi nzima yenye oili iliyochoka, na kwamba hali hiyo ndiyo wakati wa kubadilisha.

Nilitafuta fundi mwingine aliyekubali kufanya ninavyotaka, yaani kumwaga kwa kufungua nati, bila mashine. Ukimwaga namna hiyo hutoki na oili yote, kwa sababu sehemu kubwa hubaki ndani ya torki konveta. Katika gari langu zilitoka karibu lita 3, ambazo hazifiki nusu ya oili yote. Wengi huona hilo kama kasoro, lakini kwangu ndilo lililokuwa na faida, kwa maana giaboksi haikushtushwa na mabadiliko ya ghafla. Tulipima kilichotoka na kurudisha kiasi kilekile. Tukafungua pia sampo, yaani lile bakuli la chini, na hapo nilikaribia zaidi kwa sababu ndipo penye majibu ya kweli. Sumaku za ndani yake, zile zinazonasa chembe za chuma, zilikuwa zimefunikwa tope laini la kijivu, kama masizi yaliyochanganywa na mafuta, jambo la kawaida kwa umri ule. Kama tungekuta vipande vya chuma vinavyoshikika kwa kidole, au vibanzi vya rangi ya shaba, ningeamuru sampo irudishwe na ningeanza kuweka akiba ya giaboksi nyingine.

Kila baada ya kilomita 5,000 nilirudia, mara tatu kwa jumla. Ukichukulia kwamba kila mara unabadilisha karibu nusu, mara ya kwanza oili mpya ni asilimia 50, ya pili 75, ya tatu inakaribia 88. Mara ya tatu kilichotoka kilikuwa chekundu kiasi kwamba ungeweza kuona kidole nyuma ya chupa. Gia ya pili, ambayo asubuhi gari likiwa baridi ilikuwa ikiingia kwa uzito, sasa inaingia kwa ulaini. Dashibodi imepita 214,000.

Kuna jambo moja ambalo halisemwi vya kutosha hapa kwetu, nalo ni rejeta. Katika magari mengi ya otomatiki oili ya giaboksi hupozwa kwa kupita ndani ya rejeta, ile inayopoza maji ya injini, na rejeta iliyojazwa maji ya bomba kwa miaka badala ya kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupoza injini, huliwa na kutu. Siku ukuta unaotenganisha vitu hivyo viwili unapotoboka, maji huingia kwenye oili na kuigeuza kuwa kama maziwa ya pinki, na tabaka la msuguano kwenye klachi hulowa na kuanza kubanduka. Nilibadilisha kulanti siku ileile nilipobadilisha oili.

Mwezi uliopita mama mmoja jirani yangu aliniomba nimsindikize gereji, kwa kuwa alisikia habari za IST yangu na Toyota Noah yake imeanza kuteleza kutoka gia ya pili kwenda ya tatu. Tulichomoa kijiti, oili ilikuwa nyeusi na inanuka kama mkate ulioungua. Nilimwambia asinunue oili. Fedha hiyo aiweke pamoja na nyingine, aende Ilala kwenye maduka ya vipuri vya mtumba na fundi anayemwamini, atafute giaboksi yenye namba inayolingana na ya gari lake, na siku itakapofungwa awekewe oili mpya sahihi kabla gari halijatoka gereji.