Filamu Ulizonunua Ziko kwa Nani? UltraViolet, Movies Anywhere na Usalama wa Mkusanyiko

Tarehe 31 Julai 2019 UltraViolet, huduma iliyoitwa kabati la kidijitali la kuwekea filamu ambazo watu wamezinunua, ilifungwa, na tangu siku hiyo jina lake limekuwa likitajwa kila mtu anapotaka kuonyesha kwamba filamu ya kidijitali si mali ya aliyeinunua. Hoja yenyewe ni fupi. Watumiaji zaidi ya milioni 30 waliweka humo filamu na vipindi zaidi ya milioni 300, kabati likafungwa, wenye mali wakabaki mikono mitupu. Takwimu hizo zilitolewa na waendeshaji wenyewe na sina ugomvi nazo. Ninachokipinga ni kile kipande cha mwisho, kwa sababu mtu aliyekuwa ameunganisha akaunti yake na duka la filamu la mtandaoni kama Vudu aliamka tarehe 1 Agosti akazikuta filamu zake pale pale alipoziacha, na kilichomwokoa ni muundo ule ule ambao leo unatajwa kama mfano wa kushindwa.

Neno kabati limechangia sana kutupotosha. UltraViolet haikuhifadhi filamu hata moja. Ilikuwa daftari la haki, yaani orodha iliyoeleza kwamba mtu fulani amelipia filamu fulani, na orodha hiyo ikasomwa na maduka mbalimbali ambayo ndiyo yaliyokuwa na seva na kuirusha picha hadi kwenye skrini. Ulinganisho ulio karibu nasi ni hati ya kiwanja. Kiwanja kinachojulikana na mjumbe mmoja tu kiko salama mpaka mjumbe huyo ahame au afariki. Kilichoandikishwa kwa msajili, na nakala yake ikawa kwa mwenye kiwanja na benki, hakipotei kwa sababu ofisi moja imebadilisha kufuli. Warner Bros., Sony, Universal, Paramount, Fox na Lionsgate zilikubali mwaka 2011 kuandika katika daftari hilo moja, jambo ambalo si dogo kwa kampuni zinazoshindana kila wiki kwenye kumbi za sinema.

Lawama dhidi yake, hata hivyo, zina msingi. Ukinunua filamu kwenye diski ya Blu-ray ulikuta ndani ya kasha kikaratasi chenye namba ya siri, na chini yake maandishi madogo yaliyotaja siku ya mwisho ya kuitumia. Ulitakiwa kufungua akaunti ya UltraViolet, kisha akaunti ya pili ya duka, mara nyingi Flixster, kisha kuziunganisha hizo mbili, ndipo uone filamu uliyokwisha kuilipia. Mzazi aliyekaa na mtoto anayesubiri katuni hakuwa na subira hiyo. Faili la pamoja ambalo lingepakuliwa na kuchezwa kwenye kifaa chochote kilichoidhinishwa, ahadi iliyotolewa mapema kabisa, halikupata kuwa jambo la kawaida kwa wanunuzi. Na Walmart ilipoanza mwaka 2012 kuwawezesha wateja wapeleke DVD zao dukani na kupata haki ya kidijitali kwa dola 2, au dola 5 kwa picha ya ubora wa juu, wako walioona kwamba wanalipishwa mara mbili kitu kimoja.

Apple haikujiunga kamwe. Disney nayo ilikaa kando, ikaanzisha mfumo wake, Disney Movies Anywhere, mwezi Februari 2014. Wanaoutetea uamuzi wa kukaa peke yako wana jambo la kusema. Duka moja lenye akaunti moja ni rahisi; mteja anajua pa kulalamika; na mwenye duka akiwa tajiri huweza kufanya hisani kubwa, kama Apple ilivyofanya mwaka 2017 ilipowapa wateja wake ubora wa 4K, yaani picha kali zaidi, kwa filamu zilizokuwa nao, bila malipo ya ziada. Hakuna kamati ya kampuni kadhaa ambayo ingeafikiana juu ya zawadi hiyo kwa haraka. Wateja wengi walipima mambo haya mawili, wakachagua wepesi, na siwalaumu.

Lakini swali la usalama wa mkusanyiko si swali la wepesi. Ni swali la siku moja tu: siku ambayo anayeshika daftari anaondoka. UltraViolet ndiyo huduma kubwa ya aina hiyo iliyopitia siku hiyo hadharani, kwa taarifa ya miezi sita, na ndiyo maana inafaa kuchunguzwa badala ya kuzikwa.

Julai ile nilikaa mezani na jirani yangu, mama wa watoto watatu, aliyekuwa amekusanya filamu za wanawe kwa miaka mingi. Alikuwa na hofu ya kweli. Alidhani kila kitu kitafutika. Tulifungua akaunti yake, tukabonyeza kuiunganisha na duka la pili, tukangoja. Mabango ya filamu zake yakaanza kujitokeza, moja, matatu, kumi, mpaka skrini ikajaa na yeye akaanza kuyataja kwa majina kama mtu anayehesabu kuku wanaorudi bandani. Kisha akaleta bahasha ya vikaratasi ambavyo hakuwahi kuvitumia. Tulijaribu kimoja baada ya kingine. Baadhi vilikubali, vingine vilijibu kwamba muda wake umepita. Filamu alizozipoteza zilikuwa hizo, ambazo haki yake haikuwahi kuandikwa popote, na studio iliyotoa namba hizo ilikuwa imeweka mwisho wake miaka kadhaa kabla daftari halijafungwa.

Nimelifikiria sana tukio lile pamoja na ile takwimu ya milioni 300. Kila mara inaposomwa kama idadi ya vilivyopotea, inasomwa vibaya, kwani ni idadi ya vilivyoandikwa, na vilivyoandikwa ndivyo vilivyokuwa na nafasi ya kuvuka. Swali lililostahili kuulizwa ni ngapi kati ya hizo zilikuwa na duka la pili lililounganishwa kabla ya tarehe 31 Julai, na ngapi zilikuwa za watu waliokuwa wamesahau barua pepe na nywila zao, au waliokuwa nje ya Marekani, ambako UltraViolet ilifika Uingereza, Kanada, Australia, Ujerumani na Ufaransa lakini maduka ya kuhamia yalikuwa machache zaidi. Hapo ndipo hasara ilipokuwa, na ni hasara ya kweli. Mwenye nyumba aliyepewa ufunguo wa akiba na asiambiwe kwamba ni ufunguo hawezi kulaumiwa kwa kuutupa. Waendeshaji waliwatangazia watu kuunganisha akaunti kama njia ya kupata starehe zaidi, filamu kwenye simu, filamu kwenye televisheni, wakati maana yake kubwa ilikuwa bima.

Linganisha na makabati yaliyokuwa na mlango mmoja. Kampuni iliyomiliki duka la filamu la Redbox ilipoingia katika ufilisi mwaka 2024, filamu za kidijitali zilizonunuliwa humo zilipotea pamoja na duka, kwa kuwa Redbox haikuwa imeandika haki za wateja wake katika daftari lolote la pamoja. Mwaka huo huo, tarehe 2 Aprili, Funimation, huduma ya katuni za Kijapani, ilifungwa na wateja wake wakaelekezwa kwa huduma nyingine, Crunchyroll, lakini nakala za kidijitali walizozipata kwa namba zilizokuwa ndani ya makasha ya DVD na Blu-ray hazikuhamishwa. Mwaka 2022 wateja wa PlayStation, duka la Sony, nchini Ujerumani na Austria waliambiwa kwamba mamia ya filamu za kampuni ya Studiocanal walizozinunua zingeondolewa kwenye maktaba zao kuanzia tarehe 31 Agosti, kwa sababu ya mikataba ya leseni. Sony haikuwa imefilisika. Ukubwa wa kampuni haukumsaidia mteja kitu, na hapo ndipo hoja ya kwamba duka tajiri ni salama inapoanza kuyumba.

Movies Anywhere, iliyozaliwa Oktoba 2017 kutokana na ule mfumo wa Disney, ilichukua wazo la UltraViolet na kulisafisha. Mara hii Apple ilikubali, pamoja na Amazon, Google na Vudu, na Microsoft ikafuata mwaka uliofuata. Usumbufu wa akaunti mbili ulipungua. Matunda yake yalionekana Julai 2025, Microsoft ilipoacha kuuza filamu: zilizokwisha kununuliwa bado zinachezwa kwenye vifaa vyake, na Mmarekani aliyeunganisha akaunti anaweza kuzitazama zile zinazostahiki kupitia maduka mengine bila kujali Microsoft itaamua nini kesho.

Udhaifu wake nao si wa kufichwa. Inafanya kazi Marekani tu, kwa hiyo wenzetu wanaoishi Minneapolis au Houston wanaitumia, lakini ndugu zao walioko London au Toronto hawana. Paramount na Lionsgate, zilizokuwa ndani ya UltraViolet, hazimo humu. Kwa upande huo daftari la zamani lilikuwa pana kuliko la sasa, jambo ambalo wanaolicheka husahau kulitaja. Na tarehe 31 Oktoba 2025 Google iliacha kushiriki, ikiwa na maana kwamba filamu inayonunuliwa leo kupitia YouTube, ambayo ni ya Google, haivuki tena kwenda kwa wengine. Daftari la pamoja hudumu kwa ridhaa ya washirika, na ridhaa huondolewa.

Wako wanaosema yote haya ni kuhangaika bure: nunua diski, iweke rafuni, mambo yameisha. Nawaheshimu, na rafu yangu haiko tupu. Diski inauzwa, inarithiwa, inaazimwa bila kuomba ruhusa ya mtu, na hakuna barua pepe inayoweza kuifuta. Hata hivyo diski nayo huchakaa. Warner Bros. ilikiri mwaka 2025 kwamba baadhi ya DVD zake zilizotengenezwa kati ya 2006 na 2008 zina kasoro, baada ya wakusanyaji kulalamika kwamba hazichezi tena. Samsung iliacha kutengeneza mashine mpya za Blu-ray kwa soko la Marekani mwaka 2019. Na ile diski uliyoinunua na kikaratasi chake ndani ilikuwa tayari njia mbili za kushika kitu kimoja, mkononi na daftarini. Anayeitupa ya pili kwa jina la kuipenda ya kwanza anajipunguzia mwenyewe.

Sheria imeanza kuligusa jambo hili kwa upande mmoja. California ilipitisha sheria ya AB 2426, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025, inayomkataza muuzaji kutumia neno la kununua kwa bidhaa ya kidijitali bila kumweleza mteja wazi kwamba anachopata ni leseni, isipokuwa pale mteja anapoweza kuipakua na kubaki nayo daima. Ni hatua ya haki na ilichelewa. Lakini inamfunza mteja kuogopa bila kumpa pa kukimbilia. Muuzaji akishaandika onyo lake ametimiza wajibu. Hakuna kinachomlazimu kuiandika haki ya mteja mahali pengine, wala kumruhusu aihamishe duka likifungwa. Kampuni sita za filamu zilijifunga kwa hiari mwaka 2011 katika jambo ambalo sheria ya 2025 haikuthubutu hata kuliomba, na mama yule wa watoto watatu bado anazitazama filamu za wanawe kwa sababu hiyo, zile za Paramount na Lionsgate zikiwa sasa kwenye duka moja tu.