Saratani sugu ya damu: majaribio tuyatake, na masharti yetu tuyaweke

Makundi ya WhatsApp ya Mombasa yameizoea picha hii: mtoto aliyenyonyoka nywele, nambari ya paybill chini yake, na ombi la mchango ili apelekwe India. Siku hizi wazazi wanaulizia pia tiba ya chembe za kinga. Chembe T za mgonjwa, ambazo ni askari wa kinga, hutolewa kwenye damu, hutiwa jeni maabara ili ziitambue saratani, huzalishwa kwa mamilioni, kisha hurudishwa mwilini.

Wana haki ya kutumaini. Jaribio la ELIANA, lililochapishwa 2018, liliwatibu watoto na vijana 75 ambao lukemia yao (saratani ya damu) kali ya chembe B, aina nyingine ya chembe za kinga, ilikuwa imeishinda kemo, yaani dawa za kawaida za saratani. Ndani ya miezi 3, ugonjwa ulitoweka kwa asilimia 81. Hata hivyo, karibu nusu yao walilazwa ICU, kinga ilipolipuka ikaleta homa kali na presha kushuka. Ulipotimia mwaka, ni kama nusu tu waliokadiriwa kuwa hai bila ugonjwa kurudi. Lukemia ya mieloidi, aina nyingine ya saratani ya damu, ni ngumu zaidi, kwani alama zake zimo pia kwenye chembe zenye afya za uboho; ukizilenga alama hizo unaweza kuangamiza chembe zote.

Wapo wanaosema fedha ziende kwanza kwenye kemo ya kawaida, ambayo katika nchi tajiri huokoa karibu watoto 9 kati ya 10 wenye lukemia kali ya limfu, kundi ambalo ile ya chembe B imo. Hoja hiyo ni nzito, na kwa sehemu kubwa naikubali. Dozi moja ya tiba mpya ilianza kuuzwa Marekani 2017 kwa dola 475,000. Wakati huohuo, mtoto wa Likoni aliye kwenye kemo anaweza kufa kwa kuvuja damu, kisa kakosa chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Mfuko wa chembe hizo hukaa siku 5 hivi, tena ukitikiswa muda wote. Kampeni ya mara moja kwa mwaka haimfai mtoto huyu. Anahitaji wachangiaji kila wiki.

Lakini kungoja nako kuna gharama. India iliidhinisha tiba yake, NexCAR19, Oktoba 2023, baada ya chuo cha teknolojia cha IIT Bombay na hospitali ya saratani ya Tata Memorial kuifanyia kazi nyumbani. Bei ikashuka hadi karibu sehemu moja ya kumi ya ile ya Marekani. Asiyefanya utafiti hununua kwa bei ya mwenzake. Tena benki ya damu, maabara ya haraka na vitanda vya ICU vinavyohitajika kwa jaribio ndivyo hivyohivyo vinavyomwokoa mtoto wa kemo. Kaunti ikivijenga leo, hakuna kitakachopotea.

Majaribio ya tiba hii yakija Pwani, kabla mzazi hajatia sahihi aelezwe kwa Kiswahili ICU italipwa na nani, anayetoka Kilifi atalala wapi wiki ambazo mgonjwa hutakiwa kukaa karibu na hospitali baada ya tiba, na nani atamfuatilia mtoto kwa miaka 15, muda ambao wadhibiti wa dawa wa Marekani wanautaka kwa tiba za jeni za aina hii.